Mkorogo wa kompyuta: acheni kuzipaka chokaa nyuso, acheni kuupaka chokaa mlima

Nilipanda Uru mwezi Desemba kama ilivyo desturi yetu (ule utani wa Wachagga na Desemba tuuweke pembeni kwa leo, tumeusikia wote), nikarudi Dar na jambo linalonikereketa rohoni. Leo nalitoa. Litawaudhi baadhi yenu. Lakini msiwe na wasiwasi, mshitakiwa namba moja ni mimi mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi yangu mzaa baba alifariki mwezi wa kumi. Ukoo ukakubaliana kwamba misa ya kumwombea ifanyike Desemba, watoto na wajukuu wote wakiwa nyumbani. Likaanzishwa kundi la WhatsApp la maandalizi. Kundi lina majina, lina michango, lina ugomvi wa nani analeta ng'ombe, ila halina picha. Shangazi akaniandikia: "Mwandishi, wewe ndiye unayejua mambo ya kompyuta. Mtengenezee mama kipicha kizuri tukiweke hapo juu, na kila mtu akiweke kwenye simu yake."

Kipicha. Wengine mnakiita avata, wengine dipii, wengine picha ya profaili. Mimi nitabaki na neno la shangazi.

Nilikuwa na picha ya bibi niliyompiga mwenyewe mwaka 2019. Amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko anamenya ndizi, kanga begani, kitambaa kichwani, anacheka kwa sababu nilikuwa nimemwambia amekaa kama mkuu wa mkoa. Nikaifungua kwenye Photoshop. Nikakata kichwa na mabega, jiko na ndizi vikabaki nje. Nikalainisha makunyanzi. Nikaongeza mwanga usoni kidogo. Nikaongeza tena. Kila nikiongeza najiambia "sasa anapendeza". Nyuma yake nikaweka Kibo niliyoiokota intaneti, picha ya zamani ya kalenda, theluji imefunika kilele chote kama sukari juu ya keki. Kisha waridi jekundu pande zote nne, njiwa wawili, jina lake kwa herufi za dhahabu zenye kivuli. Nikakata duara. Kazi ya dakika arobaini. Nikatuma kwenye kundi.

Jamani, sifa nilizopata! Makopa, mikono ya kusali, "Mungu akubariki mdogo wangu", "kweli shule umesoma". Ndani ya saa moja simu za ukoo mzima zilikuwa na kipicha changu. Binamu mmoja akakichapisha kwenye fulana. Mwingine akakiweka juu ya karatasi za misa.

Babu hana simu ya kupangusa. Kwa hiyo alikiona kwa mara ya kwanza siku ya misa, kwenye karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Mimi nipo pembeni yake nasubiri sifa yangu.

Akaniuliza: "Huyu mama ni wa wapi?"

"Babu, ni bibi."

Akafuta miwani kwa ncha ya koti, akatazama tena. "Bibi yako alikuwa mweusi," akasema. "Huyu simjui." Halafu akaweka kidole kwenye ule mlima. "Na huu mlima ni wa lini? Huu ni wa wakati nachumbia." Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akaenda kukaa.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Mzee ameishi na mwanamke yule zaidi ya miaka hamsini, na siku ya kumwombea mkewe amepewa karatasi yenye sura ya mtu mwingine. Na aliyeifanya kazi hiyo ni mjukuu msomi wa Mlimani, mwandishi wa habari, mtu anayelipwa (kidogo, lakini analipwa) kusema mambo yalivyo.

Nimelifikiria hili tangu siku ile, na ninachotaka kusema ni kimoja tu. Kupamba picha si kosa. Kosa ni mkorogo. Na sisi tumeacha kutofautisha hivi viwili.

Mkorogo mnaujua. Ni ile michanganyiko ya kuchubua ngozi ambayo serikali yetu imekuwa ikipiga marufuku viambato vyake, zebaki na hydroquinone vikiwemo, na kila mara watu wanarudi kuuza uchochoroni. Tunamcheka dada aliyechubuka uso na vidole vikabaki na rangi yake ya zamani. Tunamwandikia vibonzo. Halafu jioni tunakaa na simu, tunavuta kile kijiti cha mwanga kuelekea kulia mpaka pua inakaribia kupotea, tunaweka picha juu, tunasubiri makopa. Tofauti yetu na yule dada ni ipi? Yeye ameharibu ngozi, sisi tumeharibu kumbukumbu. Yeye angalau amelipa kwa mwili wake mwenyewe. Mimi niliharibu kumbukumbu ya mtu ambaye hakuwepo kujitetea.

Pambo linaongeza kitu pembeni ya mtu. Hereni ni pambo, kilemba ni pambo, fremu ya maua ni pambo, hata wale njiwa wangu wawili, pamoja na ubaya wao, walikuwa pambo. Ukiliondoa, mtu yule yule yupo. Mkorogo unamwondoa mtu na kuacha pambo. Kipimo ni rahisi kiasi hicho.

Najua hoja zenu, nazisikia hadi hapa. Nitazichukua moja moja.

Ya kwanza: "Wewe mwandishi, acha kukuza mambo. Hiki ni kipicha cha ukubwa wa kifungo cha shati, si ukurasa wa mbele." Sawa, tuanze na ukurasa wa mbele basi. Juni 1994 polisi wa Los Angeles walitoa picha ya O. J. Simpson aliyekuwa anashitakiwa kwa mauaji. Magazeti mawili makubwa ya Marekani, Time na Newsweek, yakaiweka picha hiyo hiyo moja kwenye jalada. Newsweek waliiacha ilivyo. Time walimpa msanii, akaigiza, uso ukawa mweusi kuliko ulivyokuwa. Magazeti yote mawili yakakaa kwenye meza moja ya muuza magazeti na kila mpita njia akaona tofauti. Kelele zikapigwa, kwa haki kabisa: mmemfanya mtu kuwa mweusi zaidi ili aonekane wa kutisha zaidi. Mimi nakubaliana na kelele zile. Sasa niambieni, sisi tunaojifanya weupe zaidi ili tuonekane wema na wazuri zaidi, tunaamini kitu gani tofauti na mhariri yule? Imani ni ile ile: mweusi ni tishio, mweupe ni malaika. Yeye alivuta kijiti kwenda kushoto, sisi tunakivuta kwenda kulia. Kijiti ni kimoja.

Na kuhusu udogo wa kipicha: udogo ndio unaofanya jambo liwe zito. Ukurasa wa mbele unafungiwa maandazi kesho yake. Kipicha kinakaa pembeni ya kila neno unaloandika kwa miaka. Watu wanaokufahamu kwa maandishi tu wanakijua hicho kuliko uso wako. Neno lenyewe "avatar" limetoka Kisanskriti, maana yake ni kushuka, mungu kushuka duniani akiwa na mwili. Sisi wa Uru tunajua kushuka, tunashuka Moshi mjini kila siku. Lakini ukishuka mjini unashuka na uso wako. Hushuki na wa jirani.

Hoja ya pili: "Hata zamani studio zilikuwa zinapamba." Kweli kabisa, na hapa ndipo mnaponipa nguvu. Kule Lamu, tangu miaka ya 1960, Omar Said Bakor alikuwa anakata nyuso za wateja wake na kuziunganisha na maua na mapambo mengine, bila kompyuta, bila umeme wa kuaminika. Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha wa miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyenye mandhari za kuchorwa na mapambo ya kila rangi. Mtu alikuja mjini kutafuta kazi, akapigwa picha mbele ya pazia la kifahari, akaituma kijijini. Kila mtu kijijini alijua lile ni pazia. Hakuna mama aliyedhani mwanawe amehamia kwenye kasri. Uongo wa pazia ulikuwa mchezo ambao mpigaji, mpigwaji na mtazamaji wote walikuwa wanaucheza pamoja. Na katikati ya pazia alikuwepo mtoto wake, yeye mwenyewe, anatambulika. Mama alijua ni nani wa kumlilia na nani wa kumwombea. Hicho ndicho babu yangu alichokikosa.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: "Simu yenyewe inanitoa mweusi tii, sionekani kitu, macho na meno tu. Nisiongeze mwanga?" Hapa nawapa haki yenu. Mashine hizi hazikutengenezwa na mtu aliyekuwa anatuwaza sisi. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilipangiwa rangi kwa kutumia kadi ya kampuni ya Kodak iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi iliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, basi picha ni nzuri. Wewe mwingine utajijua. Na unajua ni nani waliosaidia Kodak kushtuka kwamba filamu yao haioni rangi za kahawia vizuri? Si sisi. Ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa kwenye matangazo! Meza ilisikilizwa kabla ya mtu.

Na pale walipotaka kutuona vizuri, walitaka kwa sababu zao. Kamera ya Polaroid iliyoitwa ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya mwanga, na serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilitumia vifaa vya Polaroid kutengeneza picha za vile vitabu vya pasi ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha mapambano mwaka 1970 kuipinga, na mwaka 1977 kampuni ikaondoka Afrika Kusini.

Nirudi karibu na nyumbani zaidi. Jirani zetu wa Old Moshi, Mangi wao Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Simulizi za Old Moshi zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta kwa miaka mingi. Wakati ule kulikuwa na mtaalamu Berlin aitwaye Felix von Luschan aliyekusanya maelfu ya mafuvu, yakiwemo ya watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu hayo na familia zilizo hai hapa Tanzania. Kwa nini namtaja von Luschan kwenye habari ya kipicha? Kwa sababu mtu huyo huyo ndiye aliyebuni kipimo cha vigae 36 vya kioo, kuanzia cheupe hadi cheusi, ambavyo viliwekwa pembeni ya ngozi ya mtu ili apewe namba yake. Kile kijiti cha mwanga kwenye simu yako ni vigae vile vile. Tofauti ni kwamba mababu zetu walishikwa kwa nguvu wakapimwa. Sisi tunajipima wenyewe, kwa hiari, tukicheka, na tunajihamishia kwenye kigae cha juu zaidi.

Kwa hiyo ndiyo, kamera ilitunyima. Lakini kuonekana na kuwa mweupe ni vitu viwili! Ukiingiza taa jikoni kwa bibi unamwona bibi vizuri zaidi, humwoni mzungu. Kurekebisha picha iliyotoka giza ni haki yako. Kwenda mpaka ubadilike rangi ni kukubaliana na Shirley kwamba yeye ndiye kipimo.

Na msiilaumu Photoshop. Ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, walianza kuiandika mwaka 1987, na Adobe wakaiingiza sokoni Februari 1990. Photoshop ni kama panga la kufyekea migomba, linakata unapolipeleka. Naogopa zaidi hizi programu za simu zinazokuja na mkorogo umeshachanganywa, wewe unabonyeza tu. Mwaka 2017 programu iitwayo FaceApp ilikuja na filta ya kumfanya mtu avutie zaidi. Watu weusi wakaijaribu, wakatoka weupe. Mkuu wa kampuni, Yaroslav Goncharov, akaomba radhi, akaeleza kwamba tatizo lilitokana na picha zilizotumika kuifundisha programu. Yaani mashine ilifundishwa uzuri, na darasani sisi hatukuwepo. Tangu hapo kuna walioanza kujirekebisha: Google mwaka 2021 walitoa simu ya Pixel 6 yenye mpangilio wa kupiga ngozi nyeusi kwa uaminifu zaidi, na mwaka 2022 wakaanza kutumia kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard. Sasa fikirini aibu hii: makampuni ya Marekani yanahangaika kututoa kama tulivyo, na sisi wenyewe tukishatolewa tunazima tunarudi kwa Shirley.

Nije kwenye mlima, maana babu alitoa mashitaka mawili, si moja.

Tazameni vipicha vya Desemba vya watu wetu wote. Uso mbele, Kibo nyuma, theluji tele. Nyingi za theluji hizo ni za picha za zamani au zimeongezwa kwa brashi nyeupe. Nawajua wanaofanya hivyo kwa sababu nami nilifanya. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu akaandika kwamba una theluji juu, na huko Uingereza mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga, akabisha kwamba haiwezekani, theluji karibu na ikweta iwe wapi. Theluji ilikuwepo, wakakataa. Leo tumegeuza. Watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walichapisha mwaka 2009 kwamba asilimia 85 hivi ya barafu iliyofunika Kibo mwaka 1912 ilikuwa imeshapotea kufikia mwaka 2007. Barafu inaondoka, na sisi tunairudisha kwa brashi.

Mtasema pambo tu. Hapana, huo nao ni mkorogo, kwa kipimo kile kile: tumemwondoa aliyepo na kumweka mwingine. Mtoto wa Uru aliyezaliwa Mbezi au Houston anaujua mlima kwa vipicha vya baba zake tu. Siku akipanda, asubuhi mawingu hayajafunga, akatazama juu akaona mwamba na vipande vya barafu pembeni, atadhani amepelekwa mlima usio wake. Kama babu alivyodhani. Na mtu anayeamini theluji ipo tele hawezi kuuliza imeenda wapi. Mtu asiyeuliza hawezi kudai chochote kwa yeyote, awe mkata miti, awe serikali, awe hao wenye viwanda vyao huko duniani. Chokaa tunayoupaka mlima inafunika kidonda chake.

Haya, sijaja kulaumu tu nikaondoka. Mwaka huu nimekaa nikajifunza kufanya kazi ile upya, na nitawaambia nilichojifunza. Kama huna pesa ya Photoshop, na usiibe, ipo GIMP. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatoka mwaka 1996, ni ya bure, na inakubali hata kompyuta ya zamani.

Kwanza, nakili picha yako ya asili uifiche mahali. Fanya kazi kwenye nakala. Kila baada ya muda iweke ya asili pembeni ya nakala, umwonyeshe mtu anayemfahamu mwenye sura. Akisita hata sekunde moja, rudi nyuma.

Pili, tafuta mwanga kabla ya kompyuta. Mtu mweusi akikaa mlangoni, mgongo ndani na uso nje, saa tatu asubuhi, hahitaji filta ya mtu. Ukimsimamisha mbele ya ukuta mweupe juani, kamera itauhudumia ukuta imsahau yeye. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kamera ipime mwanga hapo.

Tatu, kwenye programu kuna kisanduku chenye grafu kama mlima, na pembetatu tatu chini yake: nyeusi, ya kijivu na nyeupe. Grafu ile inaonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani. Kwa uso mweusi uliopigwa vizuri, sehemu kubwa ya mlima inakaa upande wa kushoto. Hapo ndipo kwao! Usiukokote kwenda kulia. Sogeza ile ya kijivu kidogo tu mpaka uone shavu limetengana na shingo, uone mng'ao wa paji la uso, uone makunyanzi ya kucheka. Ukifika hapo, ondoa mkono kwenye kipanya.

Nne, makunyanzi yaache. Chunusi iliyotoka jana ifute, kesho haitakuwepo. Kovu la kuni la miaka arobaini liache, hilo ni lake.

Tano, mapambo. Kwa nini kila kipicha chetu kina waridi na njiwa? Tunapotoka hakuna urembo? Chukua kanga. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina chini yake. Hiyo ni fremu kamili, imebuniwa na kufanyiwa majaribio na mama zetu kwa zaidi ya miaka mia! Weka uso kwenye mji, pindo lizunguke, jina liseme unachotaka kusema. Au waige wachoraji wa Tingatinga, waliojaza ubao wa mraba mpaka pembeni kwa rangi za kupakia baiskeli na ukashiba kuutazama.

Mimi nilichagua masale. Kwa msiotoka kwetu: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba. Mchagga aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la isale anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia aliyekuja nalo.

Nikarudi kwenye picha ya mwaka 2019. Safari hii sikukata jiko. Nikamwacha bibi na kigoda chake na ndizi zake, mweusi kama alivyokuwa, anacheka. Mlima sikuuweka, kwa sababu mlangoni pale kwa bibi mlima hauonekani, kuna migomba. Pembeni nikazungusha masale niliyoyapiga picha mwenyewe kwenye mpaka wetu. Jina lake kwa herufi nyeupe, bila dhahabu, bila kivuli. Nikakichapa kwenye karatasi nzuri, nikampa dereva wa Hiace ya kupanda Uru ampelekee babu.

Kwenye kundi la ukoo nilikituma pia. Makopa yalikuwa machache mno. Binamu mmoja aliandika, "Kile cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi, bibi alitoka kama malkia." Shangazi alikaa kimya siku mbili, halafu akaandika neno moja: "Mama." Kisha akabadilisha kipicha chake.

Babu hajasema kitu. Nilipompigia kupitia simu ya jirani nikamwuliza kama ilifika, akajibu imefika, akaniuliza kazi inaendaje na kama nakula. Jirani akaniambia baadaye kwamba ipo ukutani, juu ya kitanda.

Nendeni sasa mkafungue simu zenu. Tazameni kile kipicha. Mwulize mtu aliyekulea, kama bado unaye: huyu ni nani? Akisita, unajua la kufanya.

Wa kunipinga mpinge. Ila mje na nyuso zenu.